Mistari Miwili Chini ya Picha: Sayansi Iliyomo Katika Pasipoti na Viza

Mkazi wa Mbagala aliyepewa miadi ya saa mbili asubuhi katika ubalozi wa kigeni hana budi kuwa njiani tangu alfajiri, kabla daladala hazijaanza kusongamana. Safari yake humtoa wilaya ya Temeke na kumvusha hadi upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam, pengine Msasani au Oysterbay katika wilaya ya Kinondoni. Mkononi ana bahasha: pasipoti, picha, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Wengi hudhani kwamba yatakayofanyika dirishani ni mambo ya sheria na utawala tu. Kumbe ndani ya bahasha ile, na katika vidole vya mwombaji mwenyewe, mna hisabati, fizikia na biolojia za kutosha kumshughulisha mwanafunzi wa kidato cha nne kwa muhula mzima. Tena si elimu ya kupitishia wakati. Kosa la tarakimu moja, au kidole kilichokauka, huweza kumrudisha mtu Mbagala mikono mitupu.

Kwanza hapana budi kutofautisha vitu viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Pasipoti hutolewa na serikali ya nchi ya msafiri mwenyewe, nayo husema: huyu ni raia wetu, na jina lake ni hili. Viza hutolewa na serikali ya nchi aendayo, nayo husema: karatasi za mtu huyu tumeziona, anaweza kufika mpakani petu. Neno lenyewe limetokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni "iliyoonwa". Mwenye viza bado huweza kuzuiwa uwanja wa ndege, kwa sababu afisa wa mpakani ndiye mwenye kauli ya mwisho. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ndivyo lilivyo karibu katika kila nchi.

Pasipoti yenye umbo la kijitabu kama ijulikanavyo leo ilipata mwongozo wake wa kimataifa katika mkutano wa Paris wa mwaka 1920, ulioitishwa chini ya Shirikisho la Mataifa. Kwa miaka 60 iliyofuata kijitabu hicho kilisomwa kwa macho ya binadamu na kunakiliwa kwa kalamu. Wasafiri wa ndege walipozidi, foleni viwanjani zikawa ndefu mno. Ndipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal, lilipotoa mwaka 1980 waraka wenye namba 9303, unaoeleza jinsi ya kuchapa pasipoti isomwayo na mashine. Tarehe 24 Novemba 2015 ikawa ukomo: pasipoti zisizosomeka kwa mashine hazikutakiwa kutumika tena baada ya siku hiyo. Tanzania nayo ilizindua pasipoti ya kielektroni tarehe 31 Januari 2018, katika ofisi za Uhamiaji zilizopo Kurasini, wilaya hiyo hiyo ya Temeke atokako msafiri wetu wa Mbagala.

TARAKIMU YA UKAGUZI

Mwenye pasipoti na afungue ukurasa wenye picha yake. Chini kabisa ataona mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja ukiwa na nafasi 44. Mstari wa kwanza huanza kwa herufi P, kisha herufi tatu za nchi iliyotoa pasipoti (kwa Tanzania ni TZA), halafu majina. Nafasi zilizobaki hujazwa alama mfano wa mshale uelekeao kushoto. Mstari wa pili ndio wenye siri. Humo mna namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na baada ya namba na baada ya kila tarehe imepachikwa tarakimu moja ambayo haikuandikwa popote pengine katika kijitabu. Hiyo ndiyo tarakimu ya ukaguzi.

Kanuni yake ni rahisi. Kila tarakimu huzidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, kisha 7, 3 na 1 tena, hadi mwisho. Herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 11, na kuendelea hivyo hadi Z ambayo ni 35. Alama ya mshale ni 0. Mazao yote hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 10, na salio ndilo tarakimu ya ukaguzi.

Na ichukuliwe namba ya kubuni, KU0451973. K ni 20, nayo huzidishwa kwa 7: 140. U ni 30, mara 3: 90. Kisha 0 mara 1 ni 0. 4 mara 7 ni 28. 5 mara 3 ni 15. 1 mara 1 ni 1. 9 mara 7 ni 63. 7 mara 3 ni 21. Na 3 mara 1 ni 3. Jumla ni 361, na salio lake ni 1. Kwa hiyo mashine ikisoma KU0451973 na kufuatiwa na 1, itakubali. Karani akiichapa sufuri kama herufi O, ambayo ni kosa la kila siku, jumla itakuwa 385, salio litakuwa 5, na mashine itakataa papo hapo.

Kwa nini 7, 3 na 1, wala si 2, 4 na 6? Jibu liko katika ugawanyikaji. Tuseme tarakimu moja imekosewa, na tofauti kati ya iliyo sahihi na iliyo kosa ni d, ambayo ni kati ya 1 na 9. Jumla itabadilika kwa kiasi cha d mara kizidishi. Kosa litajificha ikiwa tu zao hilo hugawanyika kwa 10 bila salio. Kizidishi kikiwa 2, basi d ya 5 hutoa 10, na kosa hupita. Lakini 7, 3 na 1 hazina kigawanyo chochote cha pamoja na 10 isipokuwa 1. Hivyo zao haliwezi kugawanyika kwa 10 mpaka d yenyewe igawanyike, jambo lisilowezekana. Basi kila kosa la tarakimu moja hunaswa. Huu si ubashiri wala uzoefu wa makarani, ni uthibitisho.

Hata hivyo, pana kosa jingine ambalo mikono ya binadamu hulipenda: kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Mtu aliyezaliwa siku ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, huandikwa katika mstari ule 611209, mwaka ukitangulia. Hesabu yake ni 42, 3, 1, 14, 0 na 9; jumla 69; tarakimu ya ukaguzi 9. Sasa karani aandike 161209. Hesabu huwa 7, 18, 1, 14, 0 na 9, jumla 49, salio ni 9 vile vile! Mzee wa mwaka 1961 amegeuka mtoto wa mwaka 2016, na ukaguzi haukuona kitu.

Sababu yake inafaa kuandikwa ubaoni. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana, jumla hubadilika kwa kiasi cha tofauti ya tarakimu hizo mara tofauti ya vizidishi vyake. Tofauti za vizidishi ni 4 (7 kutoa 3), 2 (3 kutoa 1) na 6 (7 kutoa 1), zote namba shufwa. Tofauti ya tarakimu ikiwa 5, zao ni 20, 10 au 30, na salio halibadiliki. Jozi zinazopenya ni 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Kati ya mibadilishano 90 iwezekanayo ya tarakimu zisizolingana, 10 hupenya, yaani 1 katika kila 9. Wala haisaidii kutafuta vizidishi vingine. Ili kunasa kila kosa la tarakimu moja, vizidishi lazima viwe 1, 3, 7 au 9; hizo zote ni witiri, na tofauti ya witiri mbili daima ni shufwa. Aliyetunga kanuni hakuzembea. Kwa kutumia salio la 10 hakuna njia ya kupata vyote viwili. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 2007 vilitumia salio la 11 katika namba zake za kimataifa, na huko mabadilishano yote ya jirani yalinaswa. Lakini gharama yake ilikuwa kwamba salio laweza kuwa 10, ambalo si tarakimu moja, ikabidi iandikwe X.

Mwalimu makini atagundua pia udhaifu katika mfano wetu wa kwanza. K ni 20 na U ni 30, zote zikiwa na salio 0. Mtu akiandika UK0451973, au AK, au hata 00, tarakimu ya ukaguzi itabaki 1. Kwa sababu hizi mwombaji asiiachie mashine kazi ya kusoma jina na namba zake.

SAUTI ISIYO NA BETRI

Pasipoti ya kielektroni huonyesha alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati kwenye jalada. Ndani yake mna chipu ya silikoni iliyoungwa na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa. Hamna betri. Waya ule ni koili, na kisomeo nacho kina koili yake inayopitishwa mkondo unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Kwa mujibu wa kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ugasumaku unaobadilika ndani ya koili huzalisha umeme; na umeme huo mdogo ndio unaoiamsha chipu. Ni kanuni ile ile ya transfoma iliyo juu ya nguzo za mitaani, isipokuwa hapa koili ya pili hutembea na msafiri mfukoni.

Urefu wa wimbi la marudio hayo ni kama mita 22, lakini mazungumzo hufanyika kwa umbali wa sentimita chache tu, kwa sababu nguvu ya ugasumaku wa koili ndogo hupungua upesi mno kadiri umbali unavyoongezeka. Hata hivyo, chipu haimwambii kila apitaye. Katika njia ya msingi ya ulinzi, kisomeo hutakiwa kwanza kusoma ule mstari wa pili uliochapwa, kuchukua namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na tarakimu zake za ukaguzi, na kutengeneza ufunguo kutokana nazo. Asiyekifungua kijitabu hana ufunguo. Hapa ndipo pasipoti iliyolowa jasho au kukwaruzwa mstari wa chini huleta taabu: chipu ni nzima, lakini mlango wake haufunguki.

Habari zilizomo ndani ya chipu zimetiwa sahihi ya kihisabati na serikali iliyoitoa. Moja ya njia zitumikazo kutengenezea sahihi za namna hiyo hutegemea ugumu wa kutafuta vigawo tasa. Mwanafunzi yeyote ataweza kuzidisha 61 kwa 67 na kupata 4,087 kwa dakika moja. Akipewa 4,087 peke yake na kuulizwa imetokana na namba tasa zipi mbili, atasota. Namba zitumikazo zina tarakimu mamia kwa mamia, na hata kompyuta zenye nguvu husota. Mhalifu aweza kubandika picha nyingine kwenye karatasi. Kuibandika ndani ya chipu bila kuvunja sahihi ni kazi nyingine kabisa.

VIDOLE VYA MGONGA KOKOTO

Balozi nyingi sasa humtaka mwombaji aweke vidole vyote kumi juu ya kioo. Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen zilianza mfumo wao wa pamoja wa viza mwaka 2011, nao ukaifikia Afrika Mashariki mwezi Juni 2013. Alama za vidole zilizotolewa mara moja huweza kutumika tena kwa maombi ya miezi 59 ifuatayo.

Matumizi ya alama hizi serikalini yalianza mbali na Ulaya. Huko Bengal, mwaka 1858, ofisa mmoja wa Kiingereza, William Herschel, alimtaka mkandarasi abandike kiganja juu ya mkataba. Mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu kilichokadiria kwamba uwezekano wa alama mbili kulingana ni 1 katika milioni 64,000. Kisha Edward Henry, aliyekuwa mkuu wa polisi huko Bengal, alipata sifa ya mpango wa kuzipanga alama kwa makundi, mpango uliochukuliwa na polisi wa London mwaka 1901. Hesabu zenyewe zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao majina yao hayakupewa mpango huo.

Matuta ya vidole huanza kuumbika mtoto akiwa tumboni, tangu wiki ya 10 ya mimba hivi, na mpangilio wake huwa umetimia ifikapo wiki ya 17 au karibu yake. Makundi makubwa ni matatu: vitanzi, ambavyo ni zaidi ya nusu ya alama zote, mizingo, kama theluthi, na matao, ambayo ni machache. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walionyesha kwamba matuta hayo hutokea kwa namna aliyoitabiri mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952: kemikali zichocheazo ukuaji na zile zizuiazo husambaa katika ngozi kwa kasi zisizolingana, na mistari hujichora yenyewe, mithili ya milia ya punda. Kwa vile mawimbi hayo huathiriwa na mambo madogo madogo ya kila kidole, hata mapacha wa kufanana hawalingani alama.

Kioo cha kuchukulia alama hufanya kazi kwa somo la mwanga lifundishwalo sekondari. Mwanga hutoka chini ya kioo na kuugonga uso wake wa juu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kioo cha kawaida hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.5, kwa hiyo penye hewa juu yake pembe ya mpaka ni ile ambayo saini yake ni 1 kwa 1.5, yaani karibu nyuzi 42. Kwa kuwa 45 inazidi 42, mwanga wote huakisiwa na kuifikia kamera: penye mfereji wa kidole huonekana peupe. Pale tuta linapogusa kioo, hewa haipo, mwanga hupenya kwenye ngozi, na kamera huona peusi.

Tatizo la kwanza ni la hali ya hewa ya Dar es Salaam. Mtu aliyeshuka daladala mwezi Februari na kukimbilia miadi huwa na jasho vidoleni. Maji hujaza mifereji. Kipimo cha maji ni 1.33, na pembe ya mpaka kati ya kioo na maji ni karibu nyuzi 62. Mwanga wa nyuzi 45 hauifikii pembe hiyo, basi hupenya kila mahali, na kidole chote huwa doa jeusi. Dawa yake ni kitambaa kikavu na dakika tano za kivuli.

Tatizo la pili ni kinyume chake, tena ni zito zaidi. Na afikiriwe mama mmoja wa Kunduchi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akigonga mawe kwa nyundo kupata kokoto. Bintiye yuko ng'ambo na amejifungua. Mama anataka kwenda kumwuguza. Matuta ya vidole yako umbali wa karibu nusu milimita tu, na kimo chake ni kidogo kuliko hapo. Mawe yameyasaga. Fundi wa saruji ana hali mbaya zaidi, kwani saruji mbichi ni alikali kali, yenye pH ya 12 hadi 13, na huila ngozi ya juu huku mhusika akidhani ni ukavu wa kawaida. Mama yule akiweka vidole, kioo huona weupe mtupu au vipande visivyounganika, na mashine huandika kwamba alama hazifai. Mtumishi humwambia arudie. Hurudia mara nne, mara tano. Foleni nyuma yake huanza kunung'unika, naye huanza kuhisi kwamba ametuhumiwa jambo.

Ni muhimu ieleweke kwamba alama za mama huyu hazijapotea. Ramani ya matuta imo katika mpaka wa ngozi ya juu na ngozi ya ndani, ambamo vinundu vidogo hupangika kwa safu. Ngozi ya juu hujizalisha upya kutokea chini kwa muda wa wiki nne hivi, na kila inapojizalisha hufuata ramani ile ile. Kidonda kifikacho ndani ndicho huacha kovu la kudumu. Kwa hiyo ushauri wa kisayansi kwa mgonga kokoto au fundi saruji ni huu: apumzike kazi hiyo, au avae glavu, kwa wiki tatu au nne kabla ya miadi, apake mafuta kila usiku, na siku yenyewe anawe na kufuta mikono vizuri, asiache mafuta ya juu juu. Aliyepakwa hina vidoleni kwa harusi afadhali asubiri, kwani vituo vingine huwaagiza waombaji wasifike na nakshi hizo. Ikishindikana kabisa, ana haki ya kuomba hali yake iandikwe. Wiki nne bila kokoto, bila shaka, ni wiki nne bila kipato, na hilo mashine haikulifikiria.

Alama zikishapokewa, hutumika kwa njia mbili zisizolingana. Ya kwanza ni kuuliza: je, huyu ndiye yule aliyekuja mwaka juzi? Hapo alama hulinganishwa na za mtu mmoja. Ya pili ni kuuliza: je, huyu yumo popote katika ghala? Hapo hulinganishwa na za watu wote. Tuseme mashine hukosea mara 1 tu katika kila milinganisho milioni 1. Katika swali la kwanza kosa hilo ni dogo kabisa. Ghala likiwa na watu milioni 10, swali la pili litatoa kwa wastani watu 10 wasiohusika. Ndiyo maana vidole kumi huchukuliwa badala ya kimoja, na ndiyo maana jibu la mashine lingepaswa kutazamwa na mtaalamu kabla mtu hajaitwa mwongo.

USO NA KITAMBAA CHEUPE

Picha ya viza hutakiwa iwe na mandhari nyeupe. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, hujaribu kuifanya picha nzima iwe na wastani wa kijivu, kiakisicho kama asilimia 18 ya mwanga. Kitambaa cheupe kikijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani pana mwanga mwingi mno, hupunguza, na uso mweusi huzama gizani: macho na pua havina mpaka. Mpiga picha hodari wa Kinondoni au Temeke hujua kupima mwanga usoni, kuongeza mwanga mara mbili ya ule uliochaguliwa na kamera, na kuweka taa mbili pembeni badala ya moja mbele. Mpiga picha asiyejua humpa mteja kivuli chake.

Hili si suala la urembo. Kompyuta hupima uso kwa tofauti za mwanga na giza. Zisipokuwapo, haina cha kupima. Tena kompyuta hufundishwa kwa picha, na zikiwa nyingi ni za watu wa aina moja, hukosea kwa wengine. Taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani ilichapisha mwezi Desemba 2019 uchunguzi wa programu nyingi za kutambua nyuso, na katika nyingi ya hizo makosa ya kumfananisha mtu na mwingine asiye yeye yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Katika baadhi ya programu yalizidi mara 10 hadi 100. Programu zilizo bora zilikuwa na tofauti ndogo sana, ishara kwamba kasoro haimo katika nyuso.

Baadhi ya safari hudai pia uchunguzi wa kifua. Uingereza huwataka waombaji kutoka Tanzania wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6 wawe na cheti cha kutokuwa na kifua kikuu. Eksirei huonyesha kovu na tundu katika mapafu, haionyeshi bacilli. Kivuli kikionekana, makohozi huoteshwa maabara, na kwa kuwa bacilli hao hugawanyika polepole, mara moja kwa siku hivi, jibu huweza kuchukua hata wiki nane. Mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni kwa mwezi Septemba asiende kupima mwezi Agosti.

DIRISHANI

Mgeni wa Msasani huenda akashangaa kwa nini foleni ya ubalozi wa Marekani husimama mbali na jengo lenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi huo ulipokuwa Oysterbay, na watu 11 waliuawa. Siku hiyo hiyo huko Nairobi walikufa zaidi ya 200. Shinikizo la mlipuko hupungua upesi sana kwa umbali, kwa hiyo jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 2003, liliwekewa nafasi kubwa kati yake na barabara.

Baada ya vipimo vyote hivi, mwombaji hufika mbele ya mtu. Mashine imeshajibu kwamba ni yeye. Swali linalobaki ni kama atarudi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 humchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Hakuna koili, kioo wala salio la 10 lipimalo nia. Afisa husoma barua ya mwajiri, hati ya kiwanja na taarifa ya benki, huuliza maswali kwa dakika chache, na kuamua. Mama wa Kunduchi, ambaye ajira yake haina barua na kipato chake hakipitii benki, huwa dhaifu hapa kuliko alivyokuwa kwenye kioo.

Akikubaliwa, hubandikiwa viza ndani ya pasipoti. Nayo ina mistari miwili chini, wa kwanza ukianza kwa herufi V. Kabla ya kufunga safari alinganishe jina herufi kwa herufi, atazame tarehe ya kuzaliwa, hasa ikiwa ina 1 na 6 au 2 na 7 zilizopakana, na kama iliyoandikwa katika mstari wa pili ni namba ya pasipoti, atafute tarakimu inayoifuata. Ikiwa pasipoti yake ni ile KU0451973, tarakimu hiyo lazima iwe 1; ikiwa nyingine yoyote, arudi dirishani siku hiyo hiyo.